Nani Kasema Nyumba ya Bi Hindu Si Salama

Asubuhi ya Jumatano Bi Hindu alikuwa jikoni akimfundisha mpishi wake, Kadii, namna ya kuchuja tui. Kadii alikuwa amechuja tui katika jiko hilo miaka nenda miaka rudi na hakuhitaji kufundishwa, lakini Bi Hindu asipomfundisha mtu asubuhi, chai haimshuki. Simu ikalia. Alikuwa Nyakio, mwalimu kutoka Nyeri, ambaye kila likizo ya Agosti huwaleta walimu wenzake pwani na kuwalaza hapo.

"Nyanya, habari ya huko? Nilitaka kuweka nafasi kwa ile tovuti yenu mpya, lakini simu yangu imekataa kuifungua. Inaniambia huko si salama."

"Huko wapi?"

"Huko kwenu. Inasema huenda kuna watu wanataka kuniibia."

Bi Hindu aliliweka chini kata la nazi. "Wezi? Kwangu mimi?"

"Ndivyo imeandika, na alama nyekundu juu. Nimeogopa nikafunga."

"Kaandika nani?"

Nyakio hakujua. Akasema kwa heshima kwamba atapiga tena wiki ijayo, wakishatulia. Hilo la "wakishatulia" ndilo lililomchoma Bi Hindu kuliko wezi wenyewe.

Nyumba yake ya wageni iko Shella, Malindi: vyumba vitano, kuta nene, na daka mbele lenye viti vya mawe ambavyo wageni hupenda kupigia picha na hawapendi kukalia. Tangu aachiwe na marehemu mumewe, haijapotea humo hata kijiko. Mgeni mmoja aliwahi kusahau pete ya ndoa bafuni. Bi Hindu alimwandama mpaka stendi ya mabasi, mtandio umemwangukia mabegani, akamrudishia pete yake pamoja na mawaidha ya ndoa ambayo mgeni hakuyaomba. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwambia kwake kuna wezi.

Tovuti ilikuwa kazi ya Adnan, kijana fundi wa kompyuta aliyemwoa mjukuu wake Tasneem mwezi wa nne mwaka huo. Na kwa kuwa mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia, kwa utani wa kwetu, Bi Hindu alimwita Adnan "bwana" na Tasneem "mke mwenzangu", na kila Ijumaa alidai haki zake. Tovuti ndiyo iliyokuwa zawadi ya Adnan kwa huyo mke wake mkubwa. Aliifungua rasmi wiki moja baada ya fungate, ukoo mzima umekaa mkekani, naye paja la kuku mkononi.

Alieleza kwamba kila tovuti hubeba cheti. Cheti hicho ndicho kinachomhakikishia mgeni kuwa amefika nyumba aliyoikusudia na si ya tapeli, na kwamba maneno yake hayasikilizwi njiani. Bila cheti, au kikiisha muda, simu za watu hugoma na kutoa onyo.

"Na kinaisha baada ya muda gani?" Bi Hindu aliuliza.

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Hicho si cheti, hiyo ni eda."

Watu walicheka. Adnan naye alicheka, kisha akasema maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza pamoja na lile paja. "Wala usijali, Nyanya. Nimekiwekea ratiba. Mara mbili kwa siku mashine inaamka yenyewe, inakitazama cheti. Ikiona kimebakisha kama mwezi, inakwenda kukihuisha. Mkono wa mtu haumo. Mimi sitaigusa tena."

Basi Jumatano hiyo, Bi Hindu hakumfikiria Adnan hata kidogo. Mambo ya Adnan yalikuwa yanajiendesha yenyewe, alikwisha sema. Alimfikiria Jedida.

Jedida Mwaringa anakaa ng'ambo ya kichochoro. Ni mtu wa Rabai, muuguzi mstaafu, na ua wake una vyumba viwili ambavyo huwapangisha wageni wanaozidi kwa Bi Hindu. Wawili hao ni majirani tangu enzi ambazo wote wawili walikuwa na viuno. Wamezikiana waume, wamelishana Idi na Krismasi. Lakini siku chache kabla ya simu ya Nyakio, Jedida alisimama kwenye daka, akalitikisa kufuli la mlango na kusema, "Hindu, kufuli lako hili paka akilipigia chafya linafunguka." Wakati ule Bi Hindu alicheka. Sasa aliyapima upya maneno yale, akaona yamebeba mengi.

Alimwita fundi siku hiyohiyo, akafungiwa kufuli jipya lenye ukubwa wa ngumi. Kisha akamgeukia Kadii.

"Ile sahani ya Jedida iko wapi?"

Jumanne Jedida alikuwa ameleta mihogo ya nazi. Sahani ilikuwa imeoshwa na kuwekwa rafuni ikisubiri kutiwa chochote, kwa maana sahani ya jirani hairudi tupu. Hata mtoto wa kwetu anajua.

"Mrudishie."

"Nitie nini?"

"Usitie kitu."

Kadii alidhani hakusikia vizuri. Alipofika mlangoni alichukua ndimu moja kikapuni akaiweka juu ya sahani, angalau ionekane kuna mtu amejaribu. Bi Hindu aliiona ile ndimu, akaitoa.

Jedida aliipokea sahani, akaitazama juu, akaigeuza akaitazama chini. "Kuna msiba?"

"Hakuna," Kadii alisema.

"Basi kuna nini?"

"Mimi ni wa kutumwa tu, Mama," Kadii alisema, akaondoka haraka asije akaulizwa zaidi.

Kuanzia hapo Bi Hindu akawa anapita kichochoroni uso ameuelekeza kwenye nyaya za umeme. Jedida alimsalimia mara ya kwanza, akamsalimia mara ya pili, kisha akaacha.

Ijumaa baada ya sala Adnan na Tasneem walikuja kula kama ada. Tasneem alizungukia uani kwa Kadii. Adnan alisukuma mlango wa mbele, mlango ukamkatalia.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi, Nyanya. Adnan."

"Adnan yupi?"

"Mumeo."

"Mume ninaye? Mbona sijasikia."

Kufuli lilifunguliwa kwa kishindo. Adnan aliinama, akasema shikamoo.

"Marahaba. Ndoo, ukae hapa." Bi Hindu ana asili ya Lamu, na akiwa na hasira Kiamu humrudia ulimini: njoo ikawa ndoo, leo ikawa yeo. "Mume gani wewe? Mkeo atangazwa hadi Nyeri kuwa aweka wezi, nawe yeo ndiyo waingia, umejitia manukato!"

Akamsimulia yote, simu ya Nyakio, onyo jekundu, paka na chafya yake. Alipofika kwenye sahani tupu, Adnan alikuwa amekwisha toa simu mfukoni na kuandika jina la tovuti. Ukurasa wa onyo ukamjia usoni. Chini yake aliisoma tarehe: cheti kilikuwa kimekwisha muda wake Jumanne.

Hapo mtu mwingine angesema, "Nyanya, kosa ni langu." Adnan hakusema. Alisema, "Nitaliangalia, Nyanya," kwa sauti ya daktari anayeujua ugonjwa na hataki kuutaja jina. Akachukua kompyuta yake akaenda kukaa dakani, juu ya viti vile vya mawe visivyokalika.

Aliomba cheti kipya. Kikaja bila taabu. Akafungua tovuti: nyekundu. Akaomba kingine. Kikaja. Nyekundu. Tasneem alimletea maji, akamkuta ameloa shati mgongoni, anagonga vidole kwenye kompyuta kama mtu anayekaanga bisi.

"Si ulisema hutaigusa tena?" Tasneem aliuliza.

"Tasneem, tafadhali."

"Mimi nakumbusha tu. Ulisema mkono wa mtu haumo."

Aliomba tena, na tena, na tena, mpaka ukaja ujumbe mfupi kutoka kwa wanaotoa vyeti: ameomba cheti kilekile mara nyingi mno, angoje wiki ijayo. Adnan alishika kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo hakulipenda hata kidogo, akampigia Kahonzi.

Kahonzi walisoma naye chuoni Kilifi, na sasa hukohuko Kilifi kazi yake ni kuangalia mashine za watu zisilale. Ni mtu mwema sana, lakini hasahau kitu.

"Kahonzi, cheti kimekufa, ratiba imenitupa, na sasa wamenifungia!"

"Mimi mzima, Adnan, asante kwa kuniuliza. Na nyumbani hawajambo."

"Samahani. Hujambo?"

"Sijambo. Nani kakufungia?"

"Wanaotoa vyeti. Niliomba mara... kadhaa."

"Kadhaa ngapi?"

"Tano. Ya sita wakakataa."

Kahonzi alicheka mpaka Tasneem, aliyekuwa amesimama mbali, akacheka naye bila kujua wanacheka nini. "Watu wanaogawa vyeti bure kwa dunia nzima wamechoka na wewe peke yako? Haya, tulia. Fungua pale mashine inapoweka vyeti. Acha hivyo vyako vya leo. Kuna kingine kabla yake?"

Adnan akatazama. Kilikuwapo. Kilikuwa kimeingia mwezi uliopita, kizima, kipya, muda wake umebaki tele.

"Kwa hivyo ratiba haijakutupa," Kahonzi alisema. "Iliamka, ikaona muda unakaribia, ikaenda kuomba, ikaleta. Sasa niambie. Ile programu inayokaa mlangoni kupokea wageni, uliiambia kuwa kuna cheti kipya?"

Adnan akaanza kuipekua ratiba yake upya.

"Hukuiambia. Ile inasoma cheti siku inapowashwa, inakishika mkononi. Usipoiambia isome tena, itawaonyesha wageni kilekile cha zamani hadi kiama."

"Nilidhani itaona yenyewe."

"Nilidhani ataona," Kahonzi alirudia polepole. "Adnan, hayo ndiyo maneno ya waume wote. Tasneem yuko hapo? Nimpe pole."

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa kuandika. Adnan aliuandika, programu ya mlangoni ikasoma upya, na alipofungua tovuti ikafunguka bila lawama, picha ya daka juu na jina la Bi Hindu chini. Kahonzi hakukata simu mpaka alipohakikisha kwamba Adnan ameongeza agizo katika ratiba: kila kikija cheti kipya, anayekaa mlangoni aarifiwe papo hapo.

Ikabaki kazi ngumu. Adnan aliingia ndani, akakaa mkekani karibu na Bi Hindu, akatazama chini.

"Nyanya, hakuna aliyekusema vibaya. Ile nyekundu ni yangu."

Akaeleza. Alieleza vizuri, bila kujikinga, na Bi Hindu alimsikiliza bila kumkata, jambo lililomtisha zaidi.

"Ngoja nielewe," alisema mwishowe. "Pilau imepikwa. Imeiva, imefunikwa, iko jikoni."

"Ndiyo, Nyanya."

"Na wewe mezani wawapakulia wageni kiporo."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima, hadi kiporo kikachacha ndipo ukashtuka."

"Ndiyo, Nyanya."

Bi Hindu alicheka. Alicheka akashika mbavu, akamwita Kadii aje asikie, akamwita mke mwenzake aje kuona mume waliyepewa. Adnan alikubali yote, kwa sababu kuchekwa ni kwepesi kuliko kununiwa. Kisha ghafla kicheko kikakatika, kama redio iliyokatikiwa umeme, na Bi Hindu akaweka mkono kifuani.

"Ya Rabbi. Jedida."

Kadii alijifanya anatafuta mwiko.

"Sahani tupu," Bi Hindu alisema. "Nimempelekea Jedida sahani tupu." Akasimama, akaomba buibui lake. "Kadii, pakua. Sinia zima, si sahani. Na wewe, bwana, inuka. Uliyenikosanisha ni wewe, utakayebeba sinia ni wewe."

Jedida walimkuta barazani kwake akichambua mboga ya mchunga. Aliwaona wakivuka kichochoro, Bi Hindu mbele, Adnan nyuma na sinia, akaendelea kuchambua.

"Karibuni," alisema. Karibu hiyo haikuwa na kiti ndani yake.

Adnan alisema shikamoo, akaitikiwa. Bi Hindu alisimama. Katika maisha yake alikuwa ametoa mawaidha mengi na kuomba radhi mara chache sana, na hakujua pa kuanzia. Alimsukuma Adnan kwa kiwiko. "Mwambie."

Basi Adnan, sinia mikononi, akaeleza kwa mara ya pili siku ile. Jedida alimuuliza maswali kama anayeuliza mgonjwa. Ilianza lini? Nani aligundua? Na hiyo mashine huamka saa ngapi?

"Mara mbili kwa siku, Mama. Lakini dakika yenyewe haijulikani, hujichagulia."

"Kwa nini isipewe saa maalumu?"

"Tovuti ni nyingi duniani. Zikigonga mlango zote saa sita kamili, mwenye kutoa vyeti atazidiwa. Ndiyo maana kila moja huenda kwa dakika yake."

Jedida aliitika kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko yeyote. "Kliniki tulikuwa tukiwaambia kina mama wote waje saa mbili. Wakaja saa mbili. Ilikuwa vita." Akang'oa jani moja. "Na kwa nini iombe mwezi ungali umebaki? Isingoje siku ya mwisho?"

"Ili ikikosa leo, ijaribu kesho. Ikikosa kesho, ijaribu keshokutwa. Nafasi iwepo ya kurekebisha."

"Mara mbili kwa siku inakitazama cheti chake, inakijulia hali." Sasa Jedida aliinua macho, lakini hakumtazama Adnan. "Hindu, umesikia? Mashine imekushinda adabu. Wewe umepita hapa tangu juzi, ukanitazama kama mlingoti."

"Nilikudhania vibaya," Bi Hindu alisema. Maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayevuliwa miiba. "Nilidhani wewe ndiwe uliyetangaza. Kwa sababu ya lile la kufuli."

"Kwani nilisema uongo juu ya kufuli?"

"Hukusema."

"Umelibadilisha?"

"Nimelibadilisha."

"Basi nimekufaa."

Jedida aliweka kando ungo wa mchunga. Sauti yake ilipotoka safari hii haikuwa na mzaha.

"Niliigeuza ile sahani, Hindu. Nilidhani kuna kitu kimeganda chini."

Bi Hindu alikwenda akakaa pale barazani, bila kukaribishwa kiti, ubavu kwa ubavu naye. "Nisamehe, Jedida," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Adnan alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani humo. Alitazama mchunga, akatazama ukuta, akatamani angekuwa mahali pengine. Jedida aliuchukua mkono wa Bi Hindu, akaupigapiga. Kisha Jedida akamtazama Adnan kuanzia viatu hadi kofia.

"Na huyu ndiye mume uliyenisifia? Anasimama na sinia la watu mpaka lipoe?"

Wakamcheka wote wawili, na alijua kuwa mambo yamekwisha. Walikula pale pale barazani. Tasneem na Kadii waliitwa, na mchunga wa Jedida ukapikwa baadaye na kuliwa pia.

Nyakio alipigiwa simu jioni hiyo na Bi Hindu mwenyewe, akaelezwa kisa cha pilau na kiporo mpaka naye akawa hana mbavu. Agosti alikuja na walimu wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wawili walilala kwa Jedida, na ndio waliorudi Nyeri wamenenepa zaidi.

Adnan, kwa upande wake, hakutaka tena kitu kinachofanyika chenyewe kimya kimya. Aliongeza kwamba kila cheti kikihuishwa na bawabu wa tovuti akiarifiwa, ujumbe utumwe kwenye simu yake. Bi Hindu aliposikia alitaka naye atumiwe. Jedida aliposikia kuwa Hindu anatumiwa, alitaka naye.

Mwezi wa tisa, Bi Hindu akiwa Lamu kwenye harusi ya mpwa wake, mashine iliamka kwa dakika iliyojichagulia, ikakiona cheti kimebakisha mwezi, ikaenda ikarudi nacho kipya. Adnan alikuwa kazini, ameifungua kompyuta ya mteja vipande vipande, ujumbe ulipoingia. Aliusoma, akatabasamu, akairudisha simu mezani. Haikutulia, ikalia.

"Adnan," alisema Jedida, "mimi hapa. Nimepata habari zako. Umekaa?"

"Nimekaa, Mama."

"Basi sikiliza, nivae miwani." Droo ikafunguliwa na kufungwa. Kisha Jedida akaanza kuusoma ule ujumbe neno kwa neno, kwa sauti aliyokuwa akisomea majina ya wagonjwa wodini, na Adnan akaweka bisibisi chini akamsikiliza mpaka mwisho.